Ua Lisilo na Dawa



Wiki iliyopita, huko Bunda, vijana waliniomba nichonge muhuri wa ua wa kugonga kwenye fulana zetu za Pasaka. Nikachukua soli ya kandambili na wembe, nikachimba ua langu vizuri kabisa. Kugonga kwenye kitambaa, likatoka doa jekundu lenye tundu jeupe la ua katikati. Nilikuwa nimeondoa kile kilichotakiwa kubaki! Kwenye muhuri unachonga pembeni. Kinachobaki juu ndicho kinachoshika rangi.

Jamaa aliyekuwa ananisaidia akacheka: "Frateri, hata mimi wamenichonga hivyo hivyo." Ana diploma, yuko nyumbani Butiama mwaka wa tatu bila kazi. Jumuiya ameacha kwenda, maana kila Jumamosi ni michango. "Nikienda naonekana sina faida."

Nilikosa jibu, na falsafa yangu yote.

Kwenye gari la kurudi Musoma ndipo nikakumbuka kitabu cha mimea cha Otto Brunfels, kilichoanza kutoka Strasbourg mwaka 1530. Picha zake zilipigwa kwa mbao za kuchonga, kazi ileile ya kandambili yangu (ila wao waliiweza). Mchoraji, Hans Weiditz, alichora mmea kama ulivyokuwa mbele yake. Jani limenyauka, shina limevunjika, hakulirekebisha. Humo kuna ua moja la mwanzo wa joto la Ulaya, ambalo Waingereza huliita kwa jina la Pasaka kwa kuwa huchanua siku hizo, kama kwetu masika. Brunfels alitafuta mimea ya dawa. Ile ambayo wauza dawa hawakuitumia aliiita mimea mitupu, na ua hili akaliweka huko. Hata hivyo liliingia kitabuni, na leo watu wanalitazama kuliko dawa zake nyingi.

Yesu naye alituambia tuyaangalie maua ya kondeni, yasiyofanya kazi wala kusokota. Hakusema yanatibu nini.

Sisemi michango ni mibaya. Kanisa letu tunalitegemeza wenyewe. Ila tukianza na daftari la michango kabla ya kumuuliza mtu habari za nyumbani, tunachonga vibaya.

Nimempigia jamaa simu. Jumamosi nitampitia Butiama twende jumuiya. Yeye hana kitu, nami nauli ikiisha sina kitu, tutaenda hivyo hivyo. Nimemwambia abebe wembe, muhuri wa pili atachonga yeye.