Kuaga Kazini: Ni Deni au Ni Hisani?



Kijana mmoja wa kigango chetu hapa Kahama anauza duka la vifaa vya ujenzi. Sasa kapata kazi kwa mkandarasi mgodini Geita, anatakiwa Jumatatu. Mpango wake: mshahara ukiingia tu, anazima simu. "Bosi hajawahi kunipa hata mkataba," ananiambia, "nimuage wa nini?"

Jamani, swali lake si la kijinga. Wapo walioaga kwa adabu, wakafukuzwa siku hiyo hiyo na hela ya mwisho wakaisahau.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa kibarua wa siku au wiki, na siku 7 kama bado uko kwenye mwezi wa kwanza. Inambana mwajiri vilevile. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, anaruhusiwa kukukata malipo ya siku hizo. Na kukosa karatasi hakufuti ajira.

Lakini dhamiri inauliza kingine: ukitoweka, nani atabaki na mzigo? Pale dukani kuna binti wa kaunta. Siku stoo ikihesabiwa na saruji ikapungua, aliyezima simu hataulizwa. Ataulizwa yeye.

Wengine watanitajia Yakobo, Mwanzo sura ya 31. Ni kweli, alimtumikia Labani miaka 20, ujira ukabadilishwa mara kumi, mwisho akaondoka kimya mzee akiwa amekwenda kukata kondoo manyoya. Simlaumu. Aliogopa kunyang'anywa wake zake, na hofu yake ilikuwa na msingi. Kwa hiyo dada anayesumbuliwa na bosi usiku, akimbie leo, barua itafuata. Ila tuwe wakweli, wengi wetu hatumkimbii Labani. Tunakimbia dakika tano za aibu. Elisha aliitwa kwenye kazi kubwa kuliko ya mgodini, na bado alirudi kuwaaga wazazi, akachinja ng'ombe wake, akawalisha watu.

Kwa wachimbaji wadogo mambo ni tofauti kidogo. Duarani watu wanagawana mifuko ya mawe; rashi ikisikika kwingine, mtu anaondoka usiku. Hakuna wa kumdai siku 28. Lakini huko kuaga kunagusa uhai. Mwaka 2015, Nyangalata huku kwetu, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Sasa fikiria duara limetitia, na mmoja wenu aliondoka jana kimyakimya. Watu watashuka kuhatarisha roho zao wakimtafuta, kumbe yuko Chunya anakunywa chai.

Nilimwambia huyu kijana: mweleze bosi ukweli, siku ulizoshindwa kutimiza akukate, andika barua yenye tarehe ubaki na nakala. Hela hiyo ni yako kuipoteza. Jina la yule binti si lako.

Kanuna. Anasema mimi sina kodi ya kulipa Geita (ninayo ya hapa, na inaniuma). Mpaka naandika, amekubali kuhesabu stoo na yule binti Jumamosi, wasaini wote wawili. Barua bado.