Mji Ukianguka, Tuseme ni Adhabu?

Likizo iliyopita nyumbani Omugo, baada ya swala ya Ijumaa, nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba wakimbizi wa Sudan Kusini tuliowapokea tangu 2017 wanaadhibiwa kwa dhambi zao. Nilinyamaza kwa heshima, lakini neno lile halikunitoka moyoni.

Tuitazame Kilwa. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Dhahabu ya bara ilipitia Sofala. Nguo zilitoka India, na vyombo vya kaure China. Sarafu ya sultani huyo imepatikana hata Zimbabwe Kuu, mbali na bahari. Neema ya mji ilitegemea mikono mingi ya mbali.

Ufa ulianzia ndani. Karne ya 15 masultani na maamiri waligombania kiti. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alipofika na mizinga ya Wareno, aliukuta mji umegawanyika. Wakauteka, wakaupora, wakamtawaza waliyemtaka. Mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala, na Kilwa ikakatwa na chemchemi ya dhahabu yake.

Je, Kilwa iliadhibiwa? Misikiti ilikuwamo, na watu waliswali. Mafarakano yalikuwa kosa la wakubwa wao. Uporaji ulikuwa dhulma ya wageni. Mtoto aliyelala njaa siku ile hakugombania kiti chochote. Qur'ani inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Naelewa kwamba tunatazama ili tujihesabu wenyewe, tusije tukamhukumu jirani. Hukumu ya nyoyo ni ya Allah.

Na baada ya anguko? Magofu yamebaki kisiwani, lakini lugha ya pwani haikuzikwa nayo. Mimi ni Mlugbara, bahari sijaiona, nami nawaandikia kwa lugha hiyo. Kuta huanguka, yaliyomo ndani ya watu husafiri nao. Wakimbizi nao hawakuja mikono mitupu: wana lugha zao, ujuzi wao na malezi yao. Answari wa Madina waliwapokea Muhajirina kwa kugawana nao walichokuwa nacho.

Nikirudi Omugo, inshallah, nitamwamkia mzee yule, kisha nimwombe twende pamoja kuwajulia hali majirani zetu.