Kushiriki na Kushirikishwa

Msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Tabora ulipofika Ugogo ulilipa hongo (neno ambalo halikuwa na aibu ya leo), ndipo ukachota maji. Mgeni aliomba. Ila aliyeombwa ni mtemi, si mchotaji.

Sasa mji wa Tabora wenyewe ndio msafara, nao watambaa kuelekea vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe ugawaji wa ardhi. Kijiji kikimezwa na mji, kikawa mtaa, mamlaka hayo huondoka. Mara nyingi wakazi "hushirikishwa", yaani huonyeshwa ramani iliyokwisha kuchorwa. Lugha yetu ina ukweli kutuzidi: imelitia tendo hilo katika kauli ya kutendeshwa. Ajuaye kisima kipi hukauka Septemba ni mwenye ndoo, naye siku ya mstari wa kwanza hakuitwa.