Fedha ya Kibindoni na Daftari ya Duka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Amma baad.

Jueni, ndugu zetu, ya kwamba katika mambo wayadharauyo watu, na hali yana hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu, ni hili: mtu kutoa fedha ya kibindoni mwake akalipia kazi ya duka la shirika, kisha asiandike. Akiulizwa husema, "Nimetoa changu mwenyewe, nimemdhulumu nani?" Swali hili ndilo tutakalo kulijibu.

Wako ndugu zetu wa pwani wenye maduka Masasi na Newala, na biashara ya huko hutegemea sana korosho. Utaratibu ulioanza mwaka 2007 ni kwamba mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha ushirika, zikawekwa ghalani kwa stakabadhi, naye hungoja mnada ndipo alipwe. Katika kungoja huko hukopa dukani, na kisanduku cha duka huwa kitupu. Lakini gari lipandishalo mzigo kutoka Masasi hata Newala halingoji mnada, wala mchukuzi hangoji, wala muuza maji. Na maji juu ya uwanda ule wa Makonde ni adimu tangu zamani. Basi akaaye dukani hutia mkono kibindoni.

Natuweke mfano. Washirika wawili, kila mmoja ametia shilingi 1,000,000, na faida ni nusu kwa nusu. Mmoja wao akalipa kwa fedha yake shilingi 80,000, za gari na wachukuzi na maji, asiandike. Mwisho wa mwaka daftari ikaonyesha faida 400,000, wakagawana 200,000 kila mtu. Lakini faida ya kweli ni 320,000, na fungu la kila mmoja ni 160,000. Basi yule wa pili amekula 40,000 za mwenziwe pasipo kujua. Na yule aliyetoa, akiona uchungu akazichota zile 80,000 kisandukuni kwa siri, amejitia katika tuhuma ya wizi, hata ikiwa alikuwa na haki nazo.

Na ubaya ulio mkubwa zaidi ni wa nia. Fedha itokayo kibindoni yaweza kuwa moja katika tatu: ni hiba, wala hairudi, au ni karadha, hurudi vile vile bila ya nyongeza, au ni rasilmali, hushiriki faida na hasara pia. Isipotajwa jina siku ilipotoka, moyo huipa jina baadaye kwa matakwa yake. Duka likipata faida, mwenyewe husema, "Ile ilikuwa rasilmali yangu, nipeni fungu." Likipata hasara husema, "Ile ilikuwa karadha, nirudishieni." Huyu amejifanyia fedha ipatayo faida wala isiyoshiriki hasara, na huo ni mlango wa riba. Labda hakukusudia; lakini kutoandika kumemfikisha mlangoni.

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, Mola ameamrisha deni liandikwe, dogo na kubwa, wala watu wasichoke. Na kama mtu atasema kwamba aya hiyo hiyo imeruhusu kutoandika biashara ya mkono kwa mkono, tutamjibu: hiyo ni biashara iliyokwisha hapo hapo, fedha hii bado ina dai.

Na mwenye duka la peke yake asema, "Je, nijidai mwenyewe?" Naam, aandike. Siku atakapokufa, deni litatangulia mbele ya mirathi, na wadai na warithi hawawezi kuusoma moyo wake. Na angali hai, asipoandika hajui kama duka ndilo lililishalo nyumba, au nyumba ndiyo ilishayo duka.

Basi, ndugu yangu, siku ile ile utoapo, andika tarehe, na kiasi, na kazi yake, na jina lake: hiba, karadha au rasilmali, na mshirika wako ajue na aridhie. Na ratli ya sukari uipelekayo nyumbani, iandike pia, kwani mwanadamu hukumbuka alichotoa upesi kuliko alichochukua.

Wabillahi taufiki.