MWILI NI AMANA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyegawa usiku na mchana, kila mmoja kwa jambo lake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kazi ya halali ni ibada, na alaye jasho lake ni bora kuliko aombaye. Hilo halina shaka. Lakini wako waliolipitisha neno hili mpaka wake. Mtu huchukua mizigo bandarini tangu alfajiri, jioni akafungua duka, na usiku akakesha lindoni. Akinasihiwa apumzike, hujibu kuwa awatafutia watoto wake riziki. Jawabu hilo ni zuri kulisikia, ila lina kasoro: mtoto ahitaji chakula, na ahitaji baba pia.

Matabibu wamelipima jambo hili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kuwa afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko afanyaye saa 35 mpaka 40, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17. Mwaka 2016 peke yake walikadiriwa kufa watu 745,000 kwa sababu hiyo. Kwani mwili usiopumzika hukaa kama ulio vitani: damu hupanda, usingizi hupunguka, na mtu hujitia nguvu kwa sigara, akazidi kujidhuru.

Katika dini jambo hili si geni. Salman alipomzuru nduguye Abu Dardaa, alimkuta afunga kila mchana na kusimama kila usiku, hata mkewe amesahauliwa. Salman akamlisha, akamlaza, akamkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahli wana haki. Habari ilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna imewekewa mpaka, seuze kutafuta pesa?

Na tajiri naye asijione yu nje ya maneno haya. Mtume alikataza kuwatwika walio chini ya mkono wa mtu kazi wasiyoiweza. Na akiwatwika, basi awasaidie. Amnyimaye mtumishi wake mapumziko amekula haki ya mja, na haki ya mja haifutwi mpaka mwenyewe asamehe.

Dawa yake si ngumu. Mtu alale mapema baada ya Isha, wala asikae barazani hata usiku wa manane. Apate usingizi kidogo wa adhuhuri, nao ni sunna. Kila adhana imwondoe kazini kwa utulivu, si kwa haraka ya kurudi. Anywe maji juani, apimwe damu yake kwa tabibu, na siku moja katika juma awe na watu wake. Na ikiwa uso umepinda, au mkono umelegea, au ulimi umekuwa mzito kwa ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojeshwe mpaka asubuhi.

Riziki iko kwa Mola, na umri ni rasilimali isiyokopeka. Mwenye akili hali rasilimali yake kwa tamaa ya faida. Mwenyezi Mungu awape Waislamu afya, na riziki ya halali, na mwisho mwema. Amin.