Kujizuia Kama Tendo: Juu ya Ukoka Uliozama Majini

Swali la kama kutotenda kunaweza kuhesabiwa kuwa uangalizi limewashughulisha sana wanafalsafa wa maadili, na uwanja wa ukoka ambao maji yametuama baada ya mvua kubwa unalijaribu vizuri kuliko mifano mingi ya vitabuni. Katika kata ya Ikolo wilayani Kyela, kwenye tambarare ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji ya milimani kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, mwangalizi wa uwanja wa kanisa, wa shule au wa nyumbani hukutana na swali hilo masika yanapokolea, tena hukutana nalo akiwa na hamu ya kuonekana anafanya kazi.

Udongo ulio hai una vinyweleo, yaani nafasi ndogo baina ya chembe zake ambamo hewa hupita, na maji yakizijaza mizizi hukosa oksijeni, huku bakteria wanaoishi pasipo hewa wakianza kutoa harufu ya yai viza. Anayeingia na fyekeo wakati huo huzibana nafasi hizo kwa uzito wake mwenyewe. Unyayo wake huwa kishimo kinachojaa maji papo hapo, na jua likishakausha, mahali hapo huwa pagumu hata ncha ya jembe huparuza tu. Kwato za ng'ombe huharibu zaidi.

Hata hivyo, kujizuia kuingia uwanjani wakati huo hakuna budi kutofautishwa na uzembe, na kinachovitenganisha ni kupima. Mwangalizi huchukua konzi ya udongo na kuufinyanga: ukibaki donge linalong'aa, bado, ukimeguka kwa kuguswa na kidole gumba, wakati umefika wa kuondoa tope laini lililofunika majani, kutoboa ardhi kwa jembe uma na kujaza matundu kwa mchanga wa mto. Mafundisho ya Kiislamu kuhusu tawakuli, yaani kumtegemea Mungu baada ya mtu kutimiza lililo juu yake, na Mwanzo 2:15, inayomkabidhi mwanadamu kazi ya kulima pamoja na ile ya kutunza, yanakutana hapa, ingawa wahubiri wengi (na hili si la kushangaza, kwa kuwa jasho huonekana) huisifu zaidi kazi ya kulima.

Lipo jambo gumu zaidi. Katika mapokeo ya Wanyakyusa, ambayo Monica Wilson aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya ibada zao za kijumuiya, mvua na rutuba vilifungamanishwa na uzima wa Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga, hivyo mvua kupita kiasi haikuwa shida ya mwenye shamba peke yake. Asiyekubali maelezo hayo juu ya chanzo cha mvua bado analazimika kukiri kwamba yaliona sawasawa upande mmoja wa jambo, kwa kuwa katika nchi tambarare maji hayaondolewi, bali huhamishwa.

Hapo ndipo mtaro, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa suluhisho la kiufundi tu, unapogeuka kuwa suala la haki. Mpunga wa jirani una mirija ya hewa ndani ya mabua yake inayofikisha oksijeni mizizini, hivyo maji yaleyale yanayoua ukoka huulisha, nayo hayawezi kuitwa mabaya kwa asili yake. Lakini miche iliyopandikizwa karibuni, ikifunikwa mpaka ncha za majani, huoza kama mmea mwingine wowote. Kwa hiyo mwangalizi wa uwanja hana ruhusa ya kuuelekeza mtaro wake kwa kutazama mteremko peke yake: kabla ya kufungua kingo, inampasa kwenda jarubani kwa jirani na kuuliza mpunga umefikia kimo gani.