USIUZIME MWENGE WA NDUGUYO

Maandiko: Luka 15:3-7, 1 Wakorintho 12:21-26



Wapendwa, kuna kipindi cha runinga cha Marekani kinaitwa Survivor. Kilianza mwaka 2000 na mpaka leo kinaendelea. Mwaka 2001 walikuja kukirekodi hapa kwetu Kenya, kule Shaba, Isiolo. Watu 16, siku 39 porini, makundi mawili: Boran na Samburu. Maji ni yale yale ya wanyama, mpaka uyachemshe ndipo unywe. Zawadi ni dola milioni 1.

Sasa sikieni sheria yake. Mnatafuta kuni pamoja, mnalala pamoja, halafu usiku mnapiga kura ya siri: nani aondoke? Mwenye kura nyingi mwenge wake unazimwa, anaenda zake. Hivyo hivyo mpaka abaki mshindi mmoja.

Huo ni mchezo. Lakini nauliza, na mtanisamehe: sisi hapa Bodo, kanisani, hatupigi kura?

Kura yetu haina karatasi. Kura yetu ni kunyamaza. Kuna mama alishindwa kulipa deni la chama. Hakuna aliyemfukuza. Ila salamu zilipungua, na simu yake ikawa haipokelewi. Jumapili ya nne hayupo, tukasema, "Amerudi nyuma." Hapana, watu wa Mungu! Sisi ndio tuliomzimia mwenge. Na mimi mchungaji wenu nimo: nilipita mlangoni kwake mara mbili, sikubisha hodi.

Alhamisi nikabisha. Akaniambia, "Mchungaji, nilidhani mmeshanifuta." Amenikubalia niyaseme haya bila jina lake.

Porini kule, 15 hutoka ili 1 abaki. Kwa Yesu, 99 husubiri ili 1 arudi. Amina?

Tunaovuka kwenda Funzi tunajua. Chombo kikiingia maji katikati ya safari, nani anauliza ni yupi hajalipa nauli? Kila mtu anashika kopo, anakumba maji. Kiungo kimoja kikiumia, Paulo anasema, vyote vinaumia.

Hata mshindi wa Shaba, Ethan Zohn, hakula zile pesa peke yake. Kwa sehemu yake alisaidia kuanzisha Grassroot Soccer, shirika linalotumia mpira kuwafundisha vijana wa Afrika kujikinga na Ukimwi. Kama aliyeshinda mchezo alikumbuka wengine, sisi tulionunuliwa kwa damu je?

HATUA YA WIKI HII: Mtaje moyoni mtu mmoja uliyemnyamazia. Kabla ya Jumapili, nenda kwake. Usiende kudai, wala usiende kuhubiri. Bisha hodi, keti, uliza hali.

OMBI: Bwana, tusamehe kura tulizopiga kimya kimya. Tupe miguu ya kumfuata aliyepotea na mikono ya kumwashia tena mwenge. Kwa jina la Yesu, Amina.